Alhamisi Dubai walipiga makofi, Jumapili Katesh tope likashuka

Hii kitu nimeahirisha kuiandika muda mrefu, kila nikikaa naandika mistari miwili nafunga laptopu, ila juzi shangazi kanipigia toka Katesh, mkoani Manyara, tumesalimiana, kaniuliza watoto, kaniuliza mvua za Arusha, halafu kauliza kile ambacho huwa anauliza kila zikianza habari za mikutano ya tabianchi kwenye redio: "Baba, ule mfuko wa wale wakubwa wa dunia uliokuwa unaniambia, umeshafunguliwa?" Nikaanza kumweleza, salio likakata, nikaweka vocha nikampigia tena, nikaona hapana, hili haliwezekani kwa simu. Kwahiyo naandika hapa, mjukuu wake atamsomea, na nyie wengine mtanivumilia maana ni ndefu.

Kwa ambao hamkumbuki, tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili. Usiku kucha mvua ilinyesha, ni ule msimu wa el nino ambao watu wa hali ya hewa walishautangaza mapema, na asubuhi mapema upande mmoja wa mlima Hanang ukameguka. Miamba laini iliyokunywa maji mpaka ikashindwa kujishika ikashuka na tope, mawe na miti mizima mizima kwa njia ya mto Jorodom, ikapita Gendabi, ikapita Jorodom yenyewe, ikaingia Katesh mjini hadi barabara kubwa ya Babati Singida ikafunikwa. Walikufa watu zaidi ya 80. Mimi nilikuwa Arusha, habari niliipata kwenye grupu la ukoo, kwanza picha, halafu video, halafu majina. Shangazi simu yake haipatikani. Nilimpata saa tisa alasiri kwa simu ya jirani, na hakuanza na duka wala mali, alisema tu "baba, mlima umetufuata ndani", akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Alikuwa na stoo ya nafaka karibu na soko. Ilienda yote. Yeye na wajukuu walipona kwasababu nyumba wanayolala iko juu kidogo.

Sasa saa hiyohiyo wapi viongozi wa dunia? Walikuwa Dubai, kwenye COP28, ule mkutano wa mabadiliko ya tabianchi wa kila mwaka. Na Rais wetu Mama Samia alikuwa hukohuko, jana yake tu Jumamosi alikuwa amezindua ule mpango wa nishati safi ya kupikia kwa wanawake wa Afrika, taarifa ya Hanang ikamkuta huko akakatisha safari akarudi. Hilo watu wengi wanalikumbuka. Ambalo wengi hawalijui ni kilichotokea Alhamisi, tarehe 30 Novemba, siku ya kwanza kabisa ya mkutano. Siku ile mwenyekiti, Sultan Al Jaber, aligonga nyundo kupitisha utaratibu wa mfuko wa hasara na uharibifu, yaani mfuko wa kusaidia nchi ambazo zimeshaumizwa tayari na mafuriko, ukame, vimbunga, bahari kupanda. Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi. Hapohapo nchi zikaanza kutaja ahadi: Falme za Kiarabu dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Uingereza hadi pauni milioni 60, Marekani dola milioni 17.5, Japani milioni 10.

Alhamisi makofi. Jumapili tope. Siku tatu katikati. Mimi tangu siku ile hizo tarehe mbili hazijaachana kichwani mwangu, na ndo sababu nafuatilia hii mikutano kama wengine wanavyofuatilia ligi.

Nieleze kidogo kwanini naielewa. Kazi yangu ni mitambo ya sauti, maiki za mezani, hedfoni, na vile vibanda vya wakalimani nyuma ya ukumbi. Hapa Arusha mikutano haiishi, ukumbi wa AICC na mahotelini, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya Umoja wa Afrika, ya mashirika, kwahiyo nimekaa nyuma ya ukumbi miaka mingi nikisikiliza kwa hedfoni. Watu wa nje wanaona mkutano ni suti, bendera na picha ya pamoja. Picha ya pamoja ni dakika kumi. Mkutano wenyewe ni karatasi moja inaitwa rasimu, imejaa mabano ya mraba, na kila maneno yaliyomo ndani ya mabano maana yake bado hayajakubaliwa, na watu wanakesha kutoa mabano moja baada ya jingine. Nimeshaona watu wazima wanabishana neno moja mpaka saa saba usiku. Zamani nikiwa mgeni kwenye kazi nilikuwa nachukia, nawaza hawa watu wanapoteza muda kwa neno moja. Siku hizi nachukia mtu akisema ni neno tu.

Chukua mkutano wa tabianchi wa Paris 2015. Mkataba umeshakuwa tayari, dunia nzima inasubiri, mara Wamarekani wanakuta kwenye sehemu ya nchi tajiri kuongoza kupunguza hewa chafu kumeandikwa neno la Kiingereza lenye uzito wa "ni lazima", wao wakataka lile la "inapasa". Kwa Kiswahili chetu unaweza kuona yanafanana lakini kisheria moja linafunga na jingine linaacha mlango wazi. Kikao kikachelewa, watu wakaanza kuogopa yote yamevunjika, mwisho likasomwa kama marekebisho madogo ya uandishi, mwenyekiti wa mkutano, Laurent Fabius, akagonga kile kinyundo chake cha kijani, imeisha. Na mkutano huohuo hasara na uharibifu ilipata kifungu chake, cha 8, watu wa nchi za visiwa vidogo wakashangilia, ila kwenye uamuzi ulioambatana na mkataba pakawekwa aya ya 51 inayosema kifungu hicho hakiwi msingi wa dai lolote la kuwajibishana wala fidia. Aya moja tu! Shangazi, hiyo aya ndo kwanini mpaka leo hakuna anayeita hela hiyo fidia, wanaita ushirikiano, wanaita mshikamano.

Lakini nimeruka, nirudi mwanzo. Mimi nimezaliwa 1991. Mwaka huohuo, mkataba wa tabianchi bado unaandikwa kabla haujaenda kusainiwa Rio 1992, nchi ya Vanuatu, visiwa vidogo huko Pasifiki, ilisimama kwa niaba ya visiwa vidogo vyote ikatoa pendekezo: tuunde kitu kama bima, nchi tajiri zichangie kila moja kulingana na utajiri wake na moshi iliotoa, ili bahari ikila nchi ya mtu alipwe. Halikupita. Likarudi mwaka hadi mwaka kwenye mikutano kwa majina tofauti. Nimesoma kuandika, nimemaliza shule, nimepata kazi, nimeoa, na hawa watu wa visiwa bado wanainua bendera yao mezani kuomba nafasi ya kusema kitu kilekile.

2013 mkutano ulikuwa Warsaw, Poland, mwezi wa 11. Siku chache kabla, tufani la Haiyan lilikuwa limepiga Ufilipino na kuua zaidi ya watu 6,000, na mkuu wa ujumbe wa Ufilipino, Yeb Saño, ndugu zake walikuwa kwenye mji uliopigwa, ndugu yake wa kuzaliwa alikuwa akiokota maiti kwa mikono, na yeye amevaa tai yuko Warsaw mbele ya maiki. Alilia pale mbele ya dunia nzima. Akasema hatakula mpaka kipatikane cha maana. Walichopata ni chombo cha kuratibu mambo ya hasara na uharibifu, ofisi na vikao, bila mfuko wa hela. Niliiangalia ile video tena Desemba ile ya Katesh na ilinibidi nitoke nje nikae barazani.

Miaka tisa tena. 2022, Sharm el-Sheikh, Misri. Mwaka ule Pakistani ilikuwa imepata mafuriko yaliyowagusa watu milioni 33, na kwa bahati Pakistani ndo walikuwa wanaongoza lile kundi la nchi zinazoendelea, zaidi ya 130, Tanzania ikiwemo. Safari hii hawakugawanyika, na kwakweli nadhani hiyo ndo siri ya yote, maana miaka mingine huwa wanavunjwa kimojakimoja, huyu anaahidiwa mradi, yule anapewa presha pembeni. Mkutano ulipaswa kuisha Ijumaa, ukaisha Jumapili asubuhi ya tarehe 20 Novemba watu macho mekundu, lakini mfuko ukakubaliwa. Toka 1991 mpaka 2022 ni miaka 31.

Halafu mwaka mmoja wa kubishania utakaa wapi, nani atauongoza, nani atachangia. Mwisho ukawekwa chini ya Benki ya Dunia kwa muda, na Dubai siku ya kwanza ukagongewa nyundo. Ndo ile Alhamisi.

Sasa kuna jambo la vile vyumba ambalo linaniuma mimi kama mtu wa hedfoni. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, Kiswahili hakimo, japo Umoja wa Afrika walishakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Na hata hizo sita, kwenye mikutano ya tabianchi ukalimani upo kwenye kikao kikubwa, vile vikao vidogo vya kujadili rasimu ni Kiingereza tu. Mjumbe wa nchi inayosema Kifaransa au Kiarabu anabishana usiku wa manane kwa lugha ya watu juu ya mkato na nukta. Halafu nchi kubwa inakuja na watu mamia, inapanga watu wa zamu, nchi ndogo ina watu wachache wanaokimbia chumba hadi chumba na faili kwapani, na mkutano ukivuka siku yake wengine tiketi za ndege zimeshafika wanaondoka, nyumba hawana ya kulala. Nimewabebea mabegi watu wa namna hiyo hapahapa Arusha kwenye mikutano midogo zaidi ya hiyo, najua nyuso zao.

Na Dubai siku ya mwisho, tarehe 13 Desemba, ikatokea kubwa zaidi. Mwenyekiti kagonga nyundo uamuzi mkuu wa mkutano umepita, watu wamesimama wanapiga makofi, kumbe wale wa visiwa vidogo hawamo ukumbini, bado wako pembeni wanapanga msimamo wao! Waliingia wakakuta imeisha. Mwakilishi wao, Anne Rasmussen wa Samoa, akachukua maiki akasema kwa utulivu kabisa kwamba wamechanganyikiwa kidogo, uamuzi umegongwa na wao hawakuwa ndani. Ukumbi ukasimama ukampigia makofi marefu. Ila nyundo haikurudi nyuma.

Mkisoma mpaka hapa mtasema basi mikutano haina maana, wabaki kwao, hela za ndege zipelekwe kwa wahanga. Nimeambiwa hivyo mara nyingi vijiweni na kwenye grupu la ukoo pia. Mimi sikubali, na nakataa kwa moyo wote. Niambieni ni wapi pengine Vanuatu inaweza kukaa meza moja na nchi kubwa, ikaidai ijibu? Kwenye mikutano hii hakuna kura ya kusema wengi wape, kila kitu kinapita kwa maridhiano, nchi moja ikikataa kwa nguvu mambo yanakwama. Huo ni uzito ambao Katesh haina popote pengine duniani. Bila mkutano shangazi yangu angekuwa na nani wa kumdai? Moshi uliopasha hii dunia haukutoka Hanang, kule watu wanalima ngano na mahindi na kufuga ng'ombe. Kwahiyo viongozi wakutane, wakutane tena, mimi ninachotaka ni wakae mpaka wamalize na wapeleke watu wa kutosha na wasikubali kununuliwa kimojakimoja.

Mkutano wa Baku, Azabajani, Novemba 2024, nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka za mambo ya tabianchi, zikaondoka na ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Siku ya mwisho wajumbe wa visiwa vidogo na wa nchi maskini zaidi walitoka kwenye kikao, wakarudi baadaye. Kwenye hilo lengo hasara na uharibifu haikupewa fungu lake. Na msisahau kuna ile ahadi ya Copenhagen 2009, bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, ambayo kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe ilitimia 2022, miaka miwili imechelewa na sehemu kubwa yake ni mikopo. Mikopo! Mtu nyumba yake imesombwa halafu unamkopesha.

Haya shangazi, sasa jibu lako.

Mfuko umefunguliwa. Una mkurugenzi, Ibrahima Cheikh Diong, Msenegali, alianza kazi Novemba 2024. Una bodi ya watu 26, 14 wa nchi zinazoendelea na 12 wa nchi tajiri, na bodi makao yake ni Ufilipino, nchi ya yule aliyelia Warsaw, hilo lilinifurahisha sana. Ahadi zote zilizotajwa zilifika dola milioni 700 na kitu. Kuahidi na kuweka ni vitu viwili, na Marekani Machi 2025 walijitoa kwenye bodi. Aprili 2025 bodi ilikaa Barbados ikakubaliana kuanza na dola milioni 250 kwa dunia nzima, kila ombi kati ya milioni 5 na milioni 20, na angalau nusu iende kwa visiwa vidogo na nchi maskini zaidi, ambazo sisi Tanzania tumo. Ni ruzuku, siyo mkopo, hilo walilipigania na wakalipata. Na kwenye mkutano wa Belém, Brazili, Novemba 2025, wito wa kupeleka maombi ukatangazwa rasmi.

Ombi anaandika nani? Serikali ya nchi ndo inaomba, siyo mtu mmoja mmoja, kwahiyo usimpe hela mtu yeyote anayekuambia anaandikisha wahanga wa mfuko wa dunia, nasikia wapo wanaozunguka. Na hiyo milioni 250 kwa nchi zote zilizopigwa ni ndogo, ni ndogo mno, nisikudanganye.

Kuna jingine ambalo sikuwahi kukuambia. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019 walianzisha wazo la kuipeleka hoja hii Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Vanuatu wakalibeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliafiki Machi 2023, na Julai 23, 2025 majaji wakatoa maoni yao kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa kufidia aliyeumia. Ni maoni, siyo hukumu ya kumkamata mtu, lakini lile neno fidia ambalo aya ya 51 ililifungia nje mwaka 2015 limeingia kwa mlango wa mahakama. Na limeletwa na vijana waliokuwa bado darasani, kupitia Baraza Kuu, ambalo nalo ni mkutano wa nchi kama hii ambayo watu wanasema haina maana.

Ninachotaka mikutano ijayo ibishanie mimi ni siku. Jumapili ile tope liliposhuka walioanza kuchimba ni majirani kwa majembe na mikono, wakaja wanajeshi, yakaja makatapila, serikali ikaleta chakula, watu kutoka mikoa yote wakaleta magodoro, unga, maji, nguo, baadaye zikajengwa nyumba mpya kule Waret. Yote hayo yametoka humuhumu ndani. Waandike kwenye rasimu, bila mabano, kwamba toka tope lishuke mpaka hela ya mfuko ifike zisipite siku kadhaa, na idadi iandikwe. Siku 10, siku 30, wabishane hapo mpaka saa saba usiku, mimi nitawafungia maiki bure.

Na lile daftari shangazi usilitupe. Nyie wengine hamlijui: wiki ile ile nilipomwambia kuna mfuko umepitishwa Dubai, shangazi alichukua daftari la shule la mjukuu akaandika vyote vilivyokuwa stooni. Mahindi gunia 41, maharage gunia 12, ngano gunia 6, mizani moja, turubai mbili, mashine ya kushonea magunia. Chini akaandika tarehe na majina ya majirani wawili walioona. Analiweka ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nilipoenda mwezi wa nane alinitolea tena, wino umeanza kufifia, nikatoka nalo barazani kwenye mwanga nikalipiga picha ukurasa hadi ukurasa, ziko kwenye simu yangu na kwenye laptopu hii ninayoandikia.